Walisoma, Wakafaulu, Wakanyimwa Shahada: Maisha ya Wanafunzi wa Girton na Newnham

Juni 1890, matokeo ya mtihani wa hisabati yalisomwa kwa sauti katika jumba la Seneti mjini Cambridge, Uingereza, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwaka. Wanaume walisomwa kwanza, kuanzia aliyeshika namba moja, ambaye cheo chake kiliitwa Senior Wrangler na jina lake lilichapishwa magazetini nchi nzima. Kisha ikaja orodha ya wanawake. Wao hawakupewa namba zao wenyewe. Kila mmoja alitajwa kwa kulinganishwa na wanaume: huyu yuko kati ya wa tano na wa sita, yule yuko sawa na wa ishirini. Ilipofika zamu ya Philippa Fawcett, binti wa miaka 22 kutoka chuo cha Newnham, msomaji akatamka kwamba yuko juu ya Senior Wrangler. Shangwe zikalipuka. Binti huyo alikuwa amewashinda wanaume wote wa mwaka ule.

Mwanamume aliyekuwa chini yake alipewa shahada. Fawcett hakupewa.

Miaka ishirini baadaye mambo yalikuwa vilevile, na miaka thelathini baadaye pia. Mwanamke aliweza kuishi Cambridge miaka mitatu au minne, akahudhuria mihadhara ileile, akafanya mtihani uleule, akasahihishiwa na walimu walewale, akafaulu, kisha akarudi nyumbani na cheti kinachosema tu kwamba alifaulu. Shahada kamili hawakupewa hadi 1948. Wengi wakisoma habari za vyuo vya wanawake vya wakati ule huchanganyikiwa hapo: alikuwa mwanafunzi wa Cambridge au hakuwa? Na ukishalielewa jibu la swali hilo, mambo mengi ya maisha yao ya kila siku yanayoonekana kama vituko vya kizamani yanapata maana.

Tuanze na muundo wenyewe, kwa sababu ndipo fundo lilipo. Cambridge haikuwa, na bado si, chuo kimoja chenye majengo yake na wanafunzi wake kama tulivyozoea Dar es Salaam au Nairobi. Kuna Chuo Kikuu, na kuna vyuo vilivyo chini ya mwavuli wake. Vyuo hupokea wanafunzi, huwapa vyumba, huwalisha na kuwafundisha kwa makundi madogo. Chuo Kikuu hutoa mihadhara ya wazi, hutunga mitihani na kutoa shahada. Anayepewa shahada hapokei karatasi tu. Anakuwa mwanachama wa Chuo Kikuu maisha yake yote. Zama zile, mwenye shahada ya uzamili aliingia kwenye Seneti, na Seneti ndiyo iliyopiga kura juu ya kila jambo kubwa, hata kama mpiga kura alikuwa kasisi wa kijijini aliyeondoka Cambridge miaka arobaini nyuma. Kumpa mwanamke shahada kulimaanisha kumpa kura. Ugomvi wote uliofuata ulihusu kura hiyo. Kwamba wanawake wana akili ya kutosha lilikuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa, na Fawcett alilimaliza kabisa.

Vyuo vya wanawake vilikuwa viwili. Girton kilianzishwa na Emily Davies mwaka 1869 kwa wanafunzi 5 katika nyumba ya kupanga mjini Hitchin, mbali kabisa na Cambridge, kisha kikahamia kijiji cha Girton mwaka 1873. Newnham kilianza mwaka 1871, nacho kwa wanafunzi 5, katika nyumba ndani ya mji wa Cambridge chini ya uangalizi wa Anne Jemima Clough, kwa juhudi za mwalimu wa falsafa Henry Sidgwick. Waanzilishi hawa hawakuwa na msimamo mmoja. Davies alishikilia kwamba wanawake wafanye kila kitu sawasawa na wanaume, bila kupunguziwa: mtihani wa awali wenye Kigiriki na Kilatini, muda uleule wa masomo, masharti yaleyale. Hoja yake ilikuwa kwamba ukikubali mtihani maalumu wa wanawake, utapewa sifa maalumu ya wanawake, na hakuna mwajiri atakayeithamini. Sidgwick aliona Kigiriki cha lazima ni mzigo hata kwa wanaume, na kwamba binti ambaye hakufundishwa lugha hizo nyumbani asifungiwe mlango kwa sababu hiyo. Kwa hiyo Newnham iliwaruhusu wanafunzi wachague njia. Mimi nikisoma hoja za pande mbili naona Sidgwick alikuwa na huruma zaidi, lakini Davies aliona mbali zaidi. Kila palipotokea kura, wapinzani walipenda kupendekeza wanawake wapewe chuo kikuu chao cha pembeni, na jibu pekee lenye nguvu lilikuwa kwamba wanawake wamekwisha kufanya mtihani uleule.

Mwaka 1881 Seneti ilikubali wanawake wa vyuo hivi viwili waingie kwenye mtihani mkuu wa shahada, unaoitwa Tripos, na majina yao yatangazwe. Kabla ya hapo walifanya mtihani kwa hisani ya msahihishaji mmoja mmoja. Lakini azimio hilo liliishia kwenye mtihani. Kisheria, Girton na Newnham hazikuwa vyuo vya Chuo Kikuu. Zilikuwa nyumba binafsi zinazolaza wanawake jirani na Chuo Kikuu. Wanafunzi wao walikuwa kama mgeni anayekula sahani moja na wenyeji ilhali jina lake halimo kwenye urithi.

Mihadhara waliingia kwa ruhusa ya mwalimu husika. Profesa akikataa, hakuna pa kushtaki. Maktaba kuu ya Chuo Kikuu haikuwa haki yao. Maabara nyingi za sayansi ziliwafungia au ziliwabana kwa nafasi. Hawakuvaa joho wala kofia ya mraba, vazi ambalo kila mwanafunzi wa kiume alilazimika kulivaa mhadharani na mitaani usiku; wao walikuja na nguo zao za kawaida na kofia zao za kike, na kila mtu aliona tofauti.

Sasa tazama kinachofuata kutokana na hayo. Kama kila ulicho nacho umepewa kwa hisani, kosa la mmoja linaweza kuwapokonya wote. Wakuu wa vyuo walilijua hilo vizuri mno. Ndiyo maana hadi miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanafunzi wa kike hakwenda mhadharani katika chuo cha wanaume peke yake. Alikwenda na msindikizaji, mara nyingi mwanamke wa makamo aliyekaa pale saa nzima akifuma au akisoma kitabu chake wakati mwalimu akizungumza juu ya mambo yasiyomhusu. Ndiyo maana hakuweza kumpokea mwanamume chumbani, na hata kunywa chai chumbani kwa kaka yake wa damu aliyesoma chuo cha jirani kulihitaji msindikizaji, kwa kuwa kaka huwa na marafiki. Ni rahisi kuziona sheria hizi kama haya za kupindukia za enzi ya Malkia Victoria. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ukizipima vizuri zilikuwa siasa. Wazee wa Newnham na Girton walikuwa wanalinda ruhusa ambayo ingefutwa kwa kashfa moja tu, na wapinzani walikuwa wakiisubiri kashfa hiyo kwa hamu.

Wanafunzi wenyewe walilalamika, kama vijana wote, lakini wengi walilielewa jambo hilo. Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye nyumba ambamo kaka zao walisomeshwa kwa fedha za familia nzima huku wao wakitarajiwa kukaa sebuleni kupokea wageni. Kwao kusindikizwa kwenda darasani ilikuwa bei ndogo.

Fikiria chumba. Girton, iliyochorwa na mbunifu Alfred Waterhouse kwa matofali mekundu na korido ndefu zisizokwisha, ilikusudia kumpa kila mwanafunzi vyumba viwili, cha kulala na cha kusomea. Newnham, kazi ya Basil Champneys, yenye madirisha makubwa meupe yanayotazama bustani, ilimpa kila mmoja chumba kimoja kinachofanya kazi zote mbili: kitanda kilifunikwa mchana kikageuka kiti. Kwa msichana wa 1905 chumba chenye mlango wake, meza yake, meko yake ya makaa ya mawe na haki ya kusema "nina kazi, usiniingilie" kilikuwa kitu ambacho mama yake hakuwahi kuwa nacho maisha yake yote, hata kama alikuwa tajiri. Wengi wa wanafunzi hao, walipoandika kumbukumbu zao uzeeni, walikumbuka chumba kabla ya kukumbuka mwalimu yeyote.

Ila haifai kusahau nani alichota maji ya chumba hicho. Vyuo hivi viliajiri wasichana wa kazi walioamka kabla ya mapambazuko kuwasha moto, kubeba makaa ngazi kwa ngazi, kupeleka maji ya moto na kusafisha. Umri wao ulikuwa uleule wa wanafunzi. Ada ya Girton, chakula na masomo pamoja, ilikuwa pauni 105 kwa mwaka kwa muda mrefu, fedha ambayo msichana wa kazi hakuweza kuiota. Newnham ilitoza pungufu ya hapo, na kulikuwa na ufadhili wa waliofaulu sana, lakini kwa jumla hawa walikuwa mabinti wa makasisi, madaktari, walimu, wafanyabiashara. Uhuru wao wa kusoma ulisimama juu ya mikono ya wanawake wengine ambao hawakualikwa darasani.

Siku ilianza na kengele, sala na kifungua kinywa, na kutia alama kwenye orodha kuonyesha kwamba upo. Asubuhi ilikuwa ya mihadhara. Waliokaa Girton walikuwa na shida ya ziada, kwani kijiji hicho kiko kilomita zipatazo 4 kutoka katikati ya mji. Davies alikusudia umbali huo, ili wanaume wasipite wakizurura. Wanafunzi walisafiri kwa magari ya farasi yaliyokodishwa na chuo, wakibanana na msindikizaji wao, mpaka baiskeli ilipokubalika mwishoni mwa karne ya 19 na kuwaondolea adha hiyo. Mchana baada ya chakula ulikuwa wa michezo au matembezi: tenisi, mpira wa magongo, na Girton walikuwa na bwawa la kuogelea la ndani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Chai ya saa kumi, kusoma tena, chakula cha jioni, kusoma tena.

Kisha usiku, kwenye saa nne, yalikuja maisha yenyewe. Birika liliwekwa juu ya meko, kakao ikachemshwa kwa maziwa, na watu wanne au watano wakakaa sakafuni kuzunguka moto wakibishana juu ya Mungu, kura, Darwin, mashairi na nani atafeli. Karamu hizi za kakao ziliendeshwa kwa mialiko na zilikuwa na adabu zake. Mwanafunzi mpya hakumwalika wa mwaka wa juu, alingoja aalikwe. Na wote waliitana kwa jina la ukoo, Miss fulani, hata kama milango yao ilitazamana, mpaka yule wa mwaka wa juu atakapopendekeza rasmi kwamba sasa waitane kwa majina yao ya kwanza. Mdogo hakuruhusiwa kutangulia. Kuna waliosubiri pendekezo hilo kwa miezi, na lilipokuja walikwenda kulala wakiwa na furaha kubwa. Sisi tuliolelewa kwenye shikamoo hatutapata taabu kuielewa heshima hiyo ya kusubiri mkubwa afungue njia.

Kulikuwa na vyama vya kila aina. Newnham walikuwa na bunge lao la kuigiza, lenye waziri mkuu, baraza la mawaziri na upinzani, wakijadili miswada halisi iliyokuwa mbele ya Bunge la London. Mabinti ambao sheria ya nchi haikuwaruhusu kupiga kura walijifunza hapo kusimama, kupinga hoja na kuangusha serikali. Girton walikuwa na kikosi cha zimamoto kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1870, baada ya moto kuzuka karibu na chuo na watu kutambua kwamba gari la zimamoto la mjini lingefika wakati kila kitu kimekuwa majivu. Kikosi kilikuwa na makapteni, mazoezi ya kila wiki, pampu za mkono na mistari ya ndoo zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye zile korido ndefu. Kilidumu hadi miaka ya 1930. Nakitaja kwa sababu ni mfano safi wa maisha ya watu waliojua kwamba hakuna atakayewajengea kitu.

Mfano mkubwa zaidi ni maabara. Kwa kuwa nafasi katika maabara za Chuo Kikuu ilikuwa ya kubahatisha, Newnham ilinunua jengo lililokuwa kanisa dogo katikati ya mji, na mwaka 1884 likafunguliwa kama Maabara ya Balfour, mahali pa wanawake wa vyuo vyote viwili kujifunza biolojia kwa vitendo. Waliosimamia na kufundisha walikuwa wanawake waliosoma palepale. Kwa miaka thelathini, hadi 1914, wanawake waliosomea sayansi za viumbe Cambridge walipasulia vyura wao humo. Kwa kemia, Newnham walikuwa na maabara yao bustanini, chini ya Ida Freund, mzaliwa wa Austria aliyesoma Girton. Freund alikuwa amepoteza mguu na alitembea na baiskeli ya magurudumu matatu iliyoendeshwa kwa mikono. Alikuwa mkali kazini. Wanafunzi wake walisimulia kwamba siku chache kabla ya Tripos aliwaita maabara wakaenda kwa hofu, wakadhani wanapewa jaribio jingine. Wakakuta mezani jedwali kubwa la elementi ambamo kila elementi ilikuwa keki, jina lake na uzito wake wa atomi vimeandikwa juu kwa sukari ya rangi, na namba za makundi zimetengenezwa kwa chokoleti. Wakatakiwa kulisoma jedwali, kisha kulila. Mwanamke huyo pia aliandika kitabu cha kemia kilichotumika vyuoni, kilichotoka mwaka 1904, ilhali yeye mwenyewe Cambridge haikumtambua kama mhitimu.

Maktaba nayo ilikuwa hivyohivyo. Newnham walijenga yao, ikafunguliwa 1897, kwa sababu ile kuu haikuwa yao.

Mwaka huohuo wa 1897 ndipo Cambridge ilipoonyesha sura yake mbaya kuliko zote. Pendekezo lililoletwa mbele ya Seneti lilikuwa dogo: wanawake wapewe jina la shahada tu, bila kura, bila uanachama. Treni maalumu zilitoka London zikiwa zimejaa wahitimu wa zamani waliokuja kupiga kura. Nje ya jumba la Seneti wanafunzi wa kiume walining'iniza kutoka dirishani sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli. Pendekezo likaangushwa kwa zaidi ya kura 1,700 dhidi ya 660 na ushei. Umati ukaishusha sanamu, ukaikata kichwa, ukaivuta hadi kwenye lango la Newnham na kuitupa humo vipande vipande. Ndani ya lango lile walikuwamo wanafunzi ambao kesho yake walipaswa kwenda mhadharani na kukaa na wanaume walewale.

Kufikia hapo ilikuwa imepita karibu miaka 20 tangu Chuo Kikuu cha London kiwafungulie wanawake shahada zake, mwaka 1878. Ni chuo hichohicho ambacho baadaye Makerere ilifungamana nacho, na Waafrika Mashariki wa kizazi cha kwanza cha wasomi walipata shahada zake. Kwa hiyo dai kwamba elimu ya juu ingeporomoka wanawake wakipewa shahada lilikuwa limejibiwa tayari, umbali wa saa chache kwa treni.

Je, kukosa shahada kulimdhuru nani? Zaidi ya wote walimu. Wengi wa wahitimu wa Girton na Newnham walikwenda kufundisha, na shule za sekondari za wasichana zilipoongezeka baada ya 1902, bodi za shule zilitaka kuona herufi za shahada baada ya jina. Mwanamke mwenye daraja la kwanza la Cambridge alishindwa kazi na mwenye shahada ya kawaida ya chuo kipya cha mikoani. Alipaswa kueleza hali yake kwa kila kamati, na kamati hazina subira.

Suluhisho likatoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Kulikuwa na mapatano ya kale kati ya Cambridge, Oxford na Trinity College ya Dublin, kwamba mwenye sifa za shahada katika kimojawapo anaweza kupewa shahada ya daraja hilohilo katika kingine. Mwaka 1904 Dublin ilifungua milango yake kwa wanawake. Waliotajwa kwanza walikuwa Waayalandi waliokuwa wamekwenda kusoma Uingereza kwa kukosa nafasi nyumbani. Ilionekana ni haki wapewe shahada za kwao. Lakini kanuni ilivyoandikwa iliwafungulia wote. Habari zikaenea haraka kwenye vyumba vya walimu. Kati ya 1904 na 1907 wanawake zaidi ya 700 waliosoma Cambridge na Oxford walipanda treni hadi bandarini, wakavuka bahari kwa meli ya mvuke, wakalipa ada, wakavaa joho, wakapewa shahada na kurudi makazini. Watu wakawapa jina la mabibi wa meli. Miongoni mwao alikuwamo Julia Bell wa Girton, aliyekuja kuwa mtafiti mkubwa wa urithi wa magonjwa, na Eleanor Rathbone aliyesoma Oxford, baadaye mbunge aliyepigania posho ya watoto. Dublin ikapata fedha nyingi kutokana na ada hizo, na ikazitumia kununua nyumba ya kulaza wanafunzi wake wa kike. Wanawake wa Cambridge waliinyima Cambridge ada zao na kuwajengea bweni wenzao wa Ireland, na sioni kama wangeweza kuzitumia vizuri zaidi.

Mlango ule ulifungwa 1907. Waliobaki waligeukia siasa za nchi. Juni 1908, kwenye maandamano makubwa ya London ya kudai kura, wahitimu wa vyuo hivi viwili walitembea nyuma ya bendera yao ya hariri iliyotariziwa maneno kutoka kitabu cha Mhubiri, kwamba hekima ni bora kuliko silaha za vita. Bendera hiyo bado ipo Newnham.

Vita vilipokuja mwaka 1914, wanafunzi wa kiume Cambridge walipungua kutoka zaidi ya 3,000 hadi mia chache. Ghafla kwenye mihadhara mingi wanawake walikuwa ndio wasikilizaji wakuu, na suala la wasindikizaji likaanza kufa lenyewe. Vyuo hivi viwili vilichanga fedha za kuanzisha hospitali ya uwanja wa vita, iliyobeba majina yao na kuendeshwa na wanawake. Ilianza kazi Troyes, Ufaransa, mwaka 1915, kisha ikahamishiwa Salonika, Ugiriki. Baada ya vita sheria mpya ya uchaguzi ya 1918 iliwapa kura baadhi ya wanawake waliofikisha miaka 30. Wakati ule Cambridge ilikuwa na wabunge wake, waliochaguliwa na wahitimu, na sheria ikasema wazi kwamba mwanamke aliyetimiza masharti yote ya shahada atahesabiwa kama mhitimu hata kama chuo chake hakikumpa. Bunge la nchi lilimtambua mwanamke wa Girton kama mpiga kura wa Cambridge kabla Cambridge yenyewe haijamtambua.

Oxford ilikubali kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1920. Kwa hiyo Sarah Ntiro wa Uganda, aliyepitia Makerere, ambako mwalimu wa hisabati alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke, alipohitimu Oxford mwaka 1954 kutoka chuo cha wanawake cha St Anne's, alipewa shahada yake bila mjadala, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata.

Cambridge iliendelea kubisha. Desemba 1920 Seneti ilikataa. Oktoba 1921 ilikataa tena, ila ikakubali lile pendekezo dogo la 1897: jina la shahada, bila kura wala uanachama. Ungedhani waliopinga wangeridhika. Jioni ile kundi la wanafunzi wa kiume lilichukua mkokoteni, likaukimbiza hadi Newnham na kuligonga nao lango la shaba lililojengwa kwa kumbukumbu ya Anne Jemima Clough, mara kadhaa, mpaka sehemu ya chini ikavunjika. Viongozi wa wanafunzi waliomba radhi na fedha za matengenezo zikachangwa. Kanuni zilizofuata ziliwapa wanawake haki ya kuhudhuria mihadhara na kutumia maabara, haki kwa jina lake na si hisani tena, na kuanzia 1926 waliweza kuajiriwa kufundisha na Chuo Kikuu. Pamoja na hayo iliwekwa idadi ya juu kabisa: wanawake wasizidi 500.

Uanachama kamili ulipitishwa mwishoni mwa 1947 bila ukinzani wa maana. Oktoba 1948 mwanamke wa kwanza kuvaa joho la mhitimu wa Cambridge alikuwa Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, aliyepewa shahada ya heshima. Wahitimu wa kawaida wakafuata, na Girton na Newnham zikawa vyuo vya Chuo Kikuu kwa mara ya kwanza. Philippa Fawcett alikufa Juni mwaka huohuo, miaka 58 baada ya siku ile ya matokeo, akiwa amefanya kazi ya elimu Afrika Kusini na London kwa miaka mingi.

Waliosoma kabla ya 1948 na bado walikuwa hai walihesabiwa kuwa na shahada zao, lakini wengi hawakuwahi kupita kwenye jumba la Seneti kuzipokea. Julai 1998 Chuo Kikuu kiliwaalika. Walikuja wapatao 900, wengine wakiwa wamevuka miaka 90, wakavaa majoho na kuandamana mitaani hadi kwenye jumba lile huku watu wakiwapigia makofi njia nzima.